Mgongo wa Peugeot ya Papa Nestor

Bukavu, Jumanne jioni

Baba yangu,

Shikamoo. Salamu hizi ziwakute nyote mlioko barazani wakati Ramadhani anakusomea, na mwambie asiruke mistari kama alivyofanya mara ya mwisho. Mimi ni mzima. Malaria ya mwezi uliopita iliisha kwa dawa za kawaida. Nataka kujua jicho la kushoto linaendeleaje tangu lifanyiwe upasuaji, na kama Mama bado anaamshwa na goti. Mnijibu hali ilivyo, si "tunamshukuru Mungu" peke yake.

Habari za hapa ni fupi. Kazi ipo. Bado nafundisha watangazaji wapya jinsi ya kuandika habari, na siku nyingine nasoma taarifa mwenyewe mmoja wao anaposhindwa kufika. Umeme unakuja na kuondoka. Kuna barabara zisizopitika, na kuna maswali ambayo siku hizi mtu haulizi mbele ya asiowajua. Hayo unayasikia redioni na sina la kuongeza. Nakuandikia juu ya jambo jingine, ambalo wewe ndiye uliyelianzisha bila kujua.

Wiki chache zilizopita tulibaki na nusu saa tupu Jumamosi alasiri. Mgeni wa kipindi alikuwa amekwama njiani. Mkuu wa vipindi akaniambia nizungumze lolote, mradi lisiwe siasa. Nikazungumza magari. Nilisema yale uliyokuwa ukitwambia ukiwa umeegemea lori la idara ya maji pale Tabora: kwamba kila kiwanda kina miaka yake ya uzuri, kisha kinaendelea kutengeneza magari mazuri ya kuendesha lakini si ya kutazama. Citroën, nikasema, ni katikati ya miaka ya hamsini, lilipotoka lile gari linalolala chini likizimwa na kuinuka likiwashwa. Jaguar ni mwanzoni mwa sitini, lile ambalo boneti ni ndefu kuliko mahali pa watu. Volkswagen ni kabla ya vita, walipochora kobe. Mercedes nikaipa miaka ya themanini, na najua hapo utamwambia Ramadhani asimame ili ubishe, kwa kuwa wewe hutaki kusikia lolote baada ya lile la milango inayofunguka juu kama mbawa. Peugeot nikaipa mwishoni mwa sitini, 504, yenye taa za mbele kama macho yaliyopakwa wanja. Muda uliisha kabla sijafika nyuma ya gari.

Simu zililia kuliko siku za habari za vita. Dereva mmoja wa teksi alisema Toyota ni nzuri miaka yote, kwa sababu vipuri vyake havikosekani. Mama mmoja wa Kadutu akapiga kumjibu. "Uyu haone gari," alisema. "Anaona duka ya pièces." Nikadhani jambo limeishia hapo.

Sasa nikujulishe watu. Bienvenu ni fundi mitambo wetu hapa redioni, kijana mtulivu wa miaka thelathini na kitu. Amemchumbia Nadège, ambaye ni muuguzi. Mahari yao ilikubaliwa kuwa ng'ombe wanne. Wawili walipelekwa mwaka jana. Wawili waliobaki walikuwa malishoni upande wa Walungu, na watu wenye bunduki waliwachukua pamoja na wa majirani. Hakuna aliyekwenda kuwaulizia.

Familia ya Nadège si watu wagumu, lakini kwao ng'ombe ni ng'ombe. Kilichowabana ni kwamba Nadège amepewa kazi kwenye kituo cha afya kisiwani Idjwi, na anatakiwa kuanza mwezi ukiingia. Shangazi yake, Maman Stéphanie, ambaye neno lake ndilo la mwisho katika mambo haya, alisema msichana havuki ziwa kwenda kukaa peke yake akiwa ameolewa nusu. Alisema pia kwamba Idjwi yupo mwanamume mmoja ambaye ng'ombe wake wote wako hai. Hakumtaja jina. Alimtaja kwa idadi ya ng'ombe. Familia ikaweka Jumapili iliyopita kuwa siku ya mwisho: wawili waliobaki wafidiwe, au wale wa kwanza warudishwe na maneno yaishe.

Baba yake Bienvenu, Papa Nestor, aliendesha magari ya watafiti kule Lwiro mpaka alipostaafu. Ana kitu kimoja cha thamani, Peugeot 504 aliyouziwa na mtafiti aliyekuwa anarudi kwao. Akaitoa iwe badala ya ng'ombe wawili. Msemaji wa upande wa Nadège ni mjomba wake, Papa Déo, mwalimu wa hesabu. Yeye alikuwa amesikia kipindi. Alituma jibu kwamba kama gari ni la ile miaka mizuri aliyoitaja mama wa redioni, watakuja kuliangalia kama wanavyoangalia ng'ombe. Na huyo mama awepo, kwa sababu mtu wa nje hana upande.

Bienvenu alinieleza jinsi familia hizi mbili zinavyoangalia ng'ombe. Wanatazama miguu, ngozi na pembe. Kisha msemaji anauliza mara tatu kama mnyama ana kilema. Kilema kikitajwa kabla ya kamba kupita mkono kwa mkono, ni kilema tu, watu wanajadiliana. Kikigunduliwa baadaye ni tusi, na ng'ombe anarudishwa hata akiwa na ndama. Aliponieleza hayo nilifurahi kuyajua, kama ninavyofurahia kujua mambo. Sikufikiri yatanihusu.

Jumapili nilifika Muhungu, kwa Papa Nestor, kabla ya wageni. Gari lilikuwa uani, limepakwa rangi nyeupe mpya, linang'aa. Nililizunguka kama ulivyotufundisha, nikianzia kwenye bega, nikifuata ule mstari kutoka taa za mbele kwenda nyuma. Nilipofika kwenye buti nikasimama.

Baba, wewe unaikumbuka 504 hata macho yakiwa yamefungwa, lakini Ramadhani haijui, basi nimweleze. Kifuniko cha buti ya gari hili hakishuki moja kwa moja. Kinateremka kidogo, kisha kinavunjika na kushuka kwa pembe nyingine, kama goti la mtu aliyeketi. Bila mkunjo huo gari ni sanduku lenye macho mazuri. Na mkunjo haukuwepo. Nyuma ilikuwa imenyooka kama meza. Niligonga kwa kidole. Pembeni bati lililia. Katikati sauti ilikuwa imekufa. Ilikuwa mastiki, ule mchanganyiko wa kujazia bati lililobonyea, imejazwa na kupigwa msasa vizuri sana.

Aliyefanya kazi hiyo alikuwapo, ameketi kwenye kiti cha plastiki na chupa ya soda, ameitwa ili ashukuriwe. Anaitwa Fiston, fundi wa bodi kutoka Cimpunda. Papa Nestor alikuwa amempelekea gari aondoe mikwaruzo na kulipaka rangi. Nilimuuliza juu ya buti. Alijibu kwa fahari.

"Ilipigwaka nyuma, maman. Mafundi ya zamani habakuwa na pasiensi ya kuinyoosha. Miye nimefanya siku tatu."

Alijifunza kazi kwenye Toyota na hajawahi kushika Peugeot ya aina hii. Aliona bati limekunjwa, akajua limegongwa. Gari lolote lenye umbo hilo Bukavu limegongwa kweli.

Nilimwita Papa Nestor pembeni nikamwonyesha. Alikuwa ameletewa gari Jumamosi jioni likiwa limefunikwa turubai, na lilipofunuliwa asubuhi yeye alikuwa misa. Hakuwa ameliona nyuma. Aliweka mkono juu ya buti, akauondoa, akafuta alama za vidole kwa mkono wa shati. Kisha akasema kwa sauti ya chini, juu ya wageni, "Maman, bo habatajua. Useme tu miaka."

Nilimwambia nikiulizwa miaka nitajibu miaka, na nikiulizwa kilema nitajibu kilema. Nilimshauri aseme mwenyewe, mapema. Akasema hawezi kumdharau ng'ombe wake mbele ya wakwe. Bienvenu alikuwa amesimama karibu nasi. Alikuwa akitazama viatu vyangu.

Wageni walikuja sita. Papa Déo alivaa suti ya kijivu na kofia. Maman Stéphanie alikuja na mwavuli uliofungwa, na ndio aliotumia kugusia gari. Aligusa matairi, moja moja. Akauliza kama hii ng'ombe imeshazaa. Papa Nestor akasema bado, lakini inakunywa kidogo. Maman Stéphanie akasema ya Idjwi inatoa maziwa, akauliza hii itatoa nini. Mmoja wa binamu zake akasema itatoa moshi, na watu wakacheka, yeye pia kidogo. Alifungua mlango, akaketi nyuma, akatoka, akasema kiti ni laini kuliko cha padri. Alipofika kwenye buti alipita tu. Hakukuwa na kitu cha kutazama.

Papa Déo alinigeukia kwanza juu ya miaka. Nilimwambia kwamba gari lilichorwa mwishoni mwa sitini, na kwamba hili lenyewe lilitoka kiwandani baadaye kidogo kwa mchoro uleule, na kwamba kwa maoni yangu Peugeot haijachora saluni nzuri zaidi kabla wala baada. Aliandika kitu kwenye daftari dogo. Ni mwalimu.

Kisha akamuuliza Papa Nestor kama kuna kilema. Papa Nestor akasema hapana. Akauliza mara ya pili. Papa Nestor akasema hapana. Mara ya tatu alinigeukia mimi.

"Na weye, maman journaliste? Unaonaka kilema?"

Nakueleza nilivyofikiri, kwa sababu utauliza. Kati ya waliokuwa pale hakuna ambaye angegundua, labda kwa miaka yote iliyobaki ya gari lile. Bienvenu ni mwenzangu kazini, na mwaka jana risasi zilipolia karibu na ofisi ndiye aliyenivuta chini ya meza. Nadège hajanikosea chochote. Upande mwingine kulikuwa na jambo moja ninalolijua, na mtu aliyeniuliza jambo hilohilo. Sikuchukua muda mrefu.

"Ninaona," nikasema. "Nyuma si yake."

Nikaeleza mkunjo, mastiki, na kwamba Papa Nestor mwenyewe hakujua mpaka asubuhi ile. Nilisema asubuhi ile, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na Papa Déo alikuwa mwepesi wa hesabu. Alimtazama Papa Nestor aliyesema hapana mara mbili. Maman Stéphanie akasema, bila kupandisha sauti, "Basi mulimukata ng'ombe pembe, mukamupaka rangi." Papa Déo akafunga daftari na kuchukua kofia yake. Bienvenu aliingia ndani ya nyumba.

Aliyezuia kikao kuvunjika ni Fiston, na hakukusudia. Alikuwa bado anachambua maneno yangu. Aliuliza, "Unasema bazungu balikunja makusudi?"

Nikamwambia ndiyo.

"Juu ya nini?"

"Ili liwe zuri."

Alilitazama gari kwa muda mrefu, kwanza kutoka pembeni, kisha akachuchumaa. Nadhani alikuwa akilikunja upya kichwani. Halafu akaweka chupa chini, akamwendea Papa Nestor na kumuuliza kama anaweza kufungua kazi yake. Papa Nestor aligusa rangi mpya kwa kidole. Rangi ile ndiyo iliyompendeza, na kuivua mbele ya wakwe ni kama kuvua shati. Mwishowe akasema, "Fungua."

Papa Déo alikuwa ameshafika langoni. Alirudi akaketi. Alisema kamba haijapita mkono kwa mkono, kwa hiyo bado ni kuangalia ng'ombe.

Ilichukua karibu saa mbili. Fiston alifanya kazi kwa patasi na nyundo ndogo, kisha kwa msasa. Mastiki ilitoka vipande vipande kama maganda ya muhogo, na vumbi likaelekea kwenye masufuria ya chakula cha wageni mpaka Maman Stéphanie akaamuru yahamishwe. Niliogopa kwamba bati lenyewe limepigwa likalala. Halikuwa hivyo. Alikuwa ameligonga mara chache tu, akaona gumu, akaamua kujaza. Mstari ulianza kuonekana upande wa kushoto, ukaenda kulia. Chini kulikuwa na kijani cha zamani, mabaka ya bati tupu, na mikwaruzo ileile aliyopelekewa aiondoe. Waliokuwa wameketi kivulini walisogea mmoja mmoja upande ambao mkunjo unaonekana vizuri zaidi. Hakuna aliyewaambia ni upande gani.

Fiston alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu. Alisema polepole, kama anayejisemea, kwamba yeye angefukuza mwanafunzi aliyechora kitu kama hicho, na angekosea.

Maman Stéphanie alikuja na kuweka kiganja juu ya buti. Alikishusha mpaka kwenye goti la bati, akakipitisha, akarudia. Kisha akamgeukia Papa Nestor.

"Kumbe iko na nundu yake," akasema. "Sasa ulikuwa unatuletea ng'ombe bila nundu?"

Papa Déo alifungua daftari. Akasema atauliza tena, kwa kuwa zile tatu hazikuhesabika vizuri. Kuna kilema?

Papa Nestor alisimama wima, mikono pembeni, kama dereva anayekaguliwa. "Rangi ya nyuma imetoka," akasema. "Gia ya pili inakamataka mubaya, inaomba nguvu. Na miye nilisema hapana mara mbili, na nilikuwa najua."

Papa Déo aliandika vyote vitatu. Alimwonyesha Maman Stéphanie. Mama huyo alisoma, au alijifanya kusoma, maana hakuwa na miwani, kisha akatikisa kichwa kukubali. Ufunguo ulipita kutoka mkono wa Papa Nestor kwenda wa Papa Déo, umefungwa kwenye kipande cha kamba ya ng'ombe ambacho mtu alikuwa amekileta mfukoni muda wote.

Harusi ni Jumamosi hii. Nadège atavuka kwenda Idjwi baada yake, na Bienvenu atakuwa anamfuata kila mwisho wa wiki, boti zikiwepo. Jumatatu alizungumza nami juu ya nyaya na maikrofoni tu. Leo asubuhi aliniletea chai kwenye dawati. Niliinywa yote.

Nimalizie na safari ya gari. Mtoa ng'ombe haongozi ng'ombe wake mwenyewe kutoka uani, kwa hiyo Papa Nestor hangeweza kuendesha, na upande wa Nadège hakuna aliyewahi kushika gia iliyo kwenye usukani. Niliendesha mimi. Maman Stéphanie alikaa nyuma peke yake na mwavuli. Papa Nestor alikuwa na kazi fulani ya kufanya nyuma ya jiko tulipotoka, ingawa kazi yote ya jikoni ilikuwa imekwisha.

Gia ya pili inaomba nguvu kweli. Kwenye mwinuko wa kwanza nilikosa, tukarudi nyuma kidogo, na bibi huyo akagonga kiti changu kwa mwavuli kama anayemhimiza mnyama. Pikipiki zilitufuata. Wanaume wawili kwenye jeep mpya walipunguza mwendo, wakatutazama kwa nyuma, wakapiga honi. Maman Stéphanie akauliza wanatucheka au wanatusifu. Nilimwambia kutoka mahali nilipokaa siwezi kujua. Akasema, "Basi uendeshe polepole, bajue bo benyewe."

Kwao lango ni jembamba na nyuma yake kuna ukuta. Niliingia kinyumenyume ili kesho litoke kirahisi, nikashukuru sikukwaruza kitu, nikazima injini pua ikitazama barabara. Hakushuka.

"Geuza," akasema.

Nilimwambia limeshafika, na kwamba kulitoa na kuligeuza pale ni kazi.

"Geuza, maman. Macho ikae ku ukuta. Mugongo ikae ku barabara."

Nilikwenda mbele na nyuma mara saba, na usukani wake ni mzito kama unavyoujua. Nilipomaliza, alishuka, akatoka mpaka barabarani, akasimama pale ambapo wapita njia wangesimama, akaangalia. Kisha akafunga lango nusu, nusu nyingine akaiacha wazi.

Nisalimie Mama, na mwambie kitenge alichoniagiza nimekipata. Nisalimie kaka Juma na cherehani zake, na Shangazi Mwajuma wa Ujiji. Jirani aliyekuwa akiosha lori lako kila Ijumaa mwambie bado nakumbuka alivyokuwa akianza na matairi. Ramadhani, ahsante kwa kusoma. Sasa mpe Baba maji kabla hajaanza kubishia Mercedes.

Barua hii anaichukua dereva anayepitia Kigoma. Jibu mpe yeyote anayekuja huku, na uniambie jicho linaona mpaka wapi.

Mwanao wa pili,
Zuhura